Elki wa Bandia kwa Mwindaji wa Upinde: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mtu wa Tanga, ila naishi Missoula, magharibi mwa Montana, mji ambao tangu 2016 umepokea familia nyingi kutoka Kongo. Kila Agosti ikielekea ukingoni simu yangu hailali. Jamaa wanataka habari za kuwinda elki kwa upinde, na hasa za ile sanamu ya kitambaa wanayoniona nimeifunga kwenye begi. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mwaka, pamoja na majibu ninayowapa.

Elki ni mnyama gani? Ni swala mkubwa?

Si swala. Ni wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, ambao pembe zao hudondoka kila mwaka na kuota upya, tofauti na kulungu wa misitu ya kwetu ambaye pembe zake ni za maisha. Dume wa Milima ya Rocky ana kilo 300 na ushei, jike 220 hivi, na bega lake linafika kifuani kwa mtu mzima. Washawnee, kabila mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani, walimwita wapiti, yaani mwenye matako meupe. Likumbuke hilo doa la matakoni, tutalirudia. Ukisoma maandishi ya Uingereza angalia usichanganyikiwe: kule jina hilohilo la elki ni la mnyama mwingine, mkubwa zaidi, mwenye pembe bapa kama sepetu.

Kama najua kumwita kwa sauti, sanamu ya nini tena?

Hili ndilo swali lenyewe, na ukilielewa mengine yote ni mepesi.

Septemba ni mwezi wao wa kupandana. Dume akisikia sauti ya jike hujibu kwa mlio unaoanza chini kwa mkwaruzo, ukapanda mpaka ukawa mwembamba kama filimbi, kisha anaanza kuja. Anakuja akiongozwa na masikio, na masikio yake ni makali kiasi cha kujua sauti imetoka nyuma ya mti upi. Basi akifika mahali ambapo, kwa hesabu zake, jike angepaswa kuonekana, anasimama. Mbona simwoni? Hapo ndipo wengi wetu tunapompoteza. Amesimama mita 60 au 70, mbali mno kwa mshale, kifua kimefichwa na misonobari, anatazama tu. Ukimwita tena unaharibu, kwa sababu sasa ana hakika kwamba pale pana sauti na hapana mwili. Dakika mbili tatu, anageuka na kwenda zake bila hata kuvunja kijiti.

Sanamu inamwondolea shaka hiyo ya mwisho. Kuja alishakuja kwa sauti. Jicho lilikuwa linadai ushahidi, sasa limeupata. Na kuna faida ya pili ambayo naona ni kubwa kuliko ya kwanza: macho yake yakishashika kile kitambaa, hayakutafuti tena wewe.

Mwaka wangu wa tatu, kwenye mteremko mmoja wa Msitu wa Taifa wa Lolo, mwenzangu alikuwa nyuma yangu hatua 50 akiita. Harufu ya dume ilinifikia kabla sijamwona sawasawa, maana msimu huu madume hujikojolea tumbo na shingo na kugaagaa matopeni. Halafu nikaona mvuke wa pua zake, tope lililokauka ubavuni, jicho moja kati ya matawi. Akaganda. Mwenzangu akainua sanamu ya matako, akaigeuza polepole kama jike anayeamua kuondoka. Yule dume akashusha shingo, akanyoosha pua mbele, akaja moja kwa moja. Alinipita hatua 18, na hakunitupia jicho hata mara moja.

Kuna sanamu za aina gani?

Nyingi zinazobebwa milimani ni kitambaa chenye picha halisi ya elki, kimeshonewa waya wa chuma unaojikunja ukawa kama sinia na kujifungua wenyewe ukiuachia. Montana Decoy ndiyo chapa utakayoikuta zaidi madukani huku. Zipo za mwili mzima wa jike, zipo za kichwa na shingo, zipo za matako peke yake, na zipo ndogo zinazofungwa kwenye upinde wenyewe ukawa unatazamia katikati yake. Sanamu nene za plastiki zinafaa kulengea shabaha nyumbani. Hakuna anayezipandisha mlimani kwa miguu saa kumi alfajiri.

Ya kufunga kwenye upinde ina wapenzi wake, hasa kwa kumnyatia mnyama uwandani. Mimi naiogopa kwa sababu moja: inamleta dume akikutazama wewe usoni, na elki aliyekuelekea kifua si elki wa kumwachia mshale.

Niiweke wapi?

Kama mko wawili, mpangilio ni huu: mpiga mshale mbele, mwitaji na sanamu nyuma yake mita 40 hadi 60. Dume akisimama mita 60 kutoka kwa mwitaji, tayari yuko mikononi mwa mpiga mshale. Sanamu ionekane kutoka upande anaotokea, lakini isionekane mapema mno. Akiiona kutoka mita 200 uwandani atasimama hukohuko aiite yeye, akitaka jike ndiye amfuate. Mahali pazuri ni penye kona, au penye ukingo wa kichaka, ili aione akiwa ameshakaribia na hana muda wa kuichunguza.

Sasa upepo, ambao ndio hakimu. Elki anaweza kudanganywa masikio na macho, pua haidanganyiki. Kabla hajamfikia jike atataka kuzunguka mpaka upande ambao upepo unamletea harufu yake. Watu wa majahazi kwetu wanauita upande wa demani. Basi chukulia kwamba atazunguka, na mpiga mshale ajisogeze kidogo upande huohuo wa demani, ili njia ya dume ipite mbele yake kabla haijakata harufu yake. Ukikaa upande wa pili utamwona anazunguka mbali nawe, ananusa, anakimbia.

Kuhusu namna ya kuigeuza: hiki ni kitambaa bapa. Ukikitazama kwa ukingo wake hakipo. Kigeuze kidogo ili dume aone ubavu na matako kwa pamoja, kichwa kikielekea aliko mwitaji. Jike anayemkodolea dume macho anamtia wasiwasi. Jike aliyempa mgongo anamwita.

Na kifunge. Mwaka mmoja niliridhika na vijiti viwili nilivyovichomeka kwenye udongo laini. Dume alikuwa anashuka vizuri, mita 80, mita 70, mara upepo wa asubuhi ukakipiga kitambaa, kikazunguka kwenye kijiti chake mpaka kikawa uzi. Kwa macho yake jike alikuwepo, kisha hayupo. Alibweka mara moja, ule mbweko mfupi wa kuonya wenzake, na mteremko wote ukasikika ukikimbia. Tangu hapo nabeba kamba nyembamba na ninafunga pembe ya chini kwenye mzizi au jiwe.

Nikiwa peke yangu?

Inawezekana, ila ni kazi zaidi. Isimike sanamu nyuma yako mita 20 hivi, pembeni kidogo, ita mara chache, kisha nyamaza usogee mbele kuelekea anakotokea dume. Kumbuka anakuja kwenye sauti, na sauti umeitoa wewe, kwa hiyo ukiitia pale ulipokaa atakutafuta hapohapo. Wengine hugeuza uso na kuitia nyuma yao, au hupiga mluzi wa mdomoni kwa kukinga kiganja. Inasaidia.

Upepo wa milimani naujuaje?

Alfajiri hewa baridi inashuka bondeni kama maji. Jua likishaupasha mteremko, mara nyingi kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, inageuka na kuanza kupanda. Jioni inashuka tena. Saa ile ya kugeuka ni mbaya: upepo unazunguka kila upande na ni afadhali ukae chini unywe chai yako. Beba kichupa cha poda isiyo na manukato, kibinye kila mara uangalie vumbi linakwenda wapi.

Sanamu ya jike au ya dume?

Ya jike. Ipo hoja kwamba dume mdogo wa bandia humkasirisha dume mwenye kundi akaja kupigana, na kweli hutokea. Lakini kwa kila dume mkubwa anayekuja kwa hasira wapo wadogo wengi wanaokwepa, kwa sababu walishapigwa msimu huuhuu na wanajua maumivu yake. Tena kuna sababu nzito zaidi: kitu chenye pembe kinachosogea msituni ndicho kila mwindaji anachokitafuta. Soma jibu linalofuata.

Je, siwezi kupigwa mimi kwa kudhaniwa mnyama?

Unaweza. Nalisema bila kupunguza, kwa sababu nimewahi kukaa nyuma ya sanamu yangu na kumwona mtu anashuka mita 90 akiwa na mshale kwenye upote, akinyata kuielekea. Nilimwita kwa sauti kubwa ya binadamu: "Habari za asubuhi!" kwa Kiingereza, na akashusha upinde. Moyo ulinienda mbio mpaka mchana.

Haya usiyaache hata siku moja. Usiitumie sanamu katika msimu wa bunduki, kamwe. Jua misimu mingine inayoingiliana na wa upinde: Colorado, kwa mfano, katikati ya Septemba hutoka wawindaji wa magobori, na risasi yao inakwenda mbali kuliko mshale. Unapotembea, sanamu iwe imekunjwa ndani ya begi, au imefungwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Usiibebe wazi begani hata kama ni hatua 100 tu. Kaa ukiegemea mti mnene kuliko mgongo wako. Usikae kwenye mstari mmoja na sanamu na njia ambayo watu hupita. Na ukimwona mtu, zungumza. Usipunge mkono, usisimame ghafla, usipige mluzi. Hivyo vyote ni mienendo ya mnyama. Sauti ya mtu haina mfano.

Ungejiuliza nani angepiga kitambaa. Jibu ni kwamba maofisa wa wanyamapori wa majimbo mengi hapa Marekani huweka kando ya barabara sanamu zinazogeuza kichwa na kutikisa mkia, na hukamata majangili wanaozifyatulia wakiwa ndani ya gari.

Na dubu?

Montana na Wyoming kuna dubu wa grizli, na mtu anayelia kama jike wa elki anajitangaza kuwa chakula. Nimewahi kuitikiwa na dubu mweusi, ambaye alikaa akatazama kisha akaondoka. Beba dawa ya pilipili ya kupulizia dubu, na iwe kiunoni au kifuani. Ikiwa ndani ya begi hesabu kwamba hunayo. Mwitaji awe na yake, mpiga mshale awe na yake. Puma pia huja, tena bila sauti, kwa hiyo mgongo wako uwe na mti.

Colorado ilidhaniwa haina grizli tena mpaka Septemba 1979, pale dubu jike alipomvamia Ed Wiseman, mwongozaji aliyekuwa na mwindaji wa upinde milima ya San Juan. Wiseman alimuua dubu huyo kwa kumchoma na mshale aliokuwa ameushika mkononi. Mwenyewe alipona. Baada ya dubu huyo hakuthibitishwa grizli mwingine jimboni humo.

Sheria zinasemaje?

Kila jimbo lina zake na hubadilika, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni cha mwaka huohuo. Kwa Montana haya ndiyo yanayowakwaza wageni. Kabla ya leseni ya upinde lazima uwe umepita mafunzo ya uwindaji wa upinde au uwe na leseni ya namna hiyo ya miaka iliyopita. Aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 anadaiwa pia mafunzo ya jumla ya uwindaji. Ukishakaa siku 180 mfululizo unahesabiwa mkazi, na bei ya leseni inashuka sana. Msimu wa upinde unaanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba na kuchukua takribani wiki sita.

Sauti zilizorekodiwa ni marufuku. Lazima uite kwa mdomo au kwa kifaa kisichotumia umeme. Na hili linawashangaza wengi: wewe na mwitaji wako hamruhusiwi kuongozana kwa redio wala kwa ujumbe wa simu wakati wa kuwinda. Kubalianeni ishara za mikono kabla ya kuachana, kwa sababu mkishapanga sanamu hakuna nafasi ya kuulizana.

Upinde wenyewe una masharti pia. Colorado hudai nguvu ya kuvuta isiyopungua ratili 35 na kigumba chenye upana usiopungua inchi 7/8. Ratili 35 ni kiwango cha chini cha sheria. Kwa mnyama wa kilo 300 jizoeze kuvuta zaidi, ilimradi unavuta bila kuinua upinde mbinguni.

Nivute upote lini, nimpige wapi?

Vuta upote pale jicho lake linapopita nyuma ya mti. Ndiyo maana ya kuchagua mahali penye mashina mawili matatu mbele yako. Akiwa ubavu wazi, lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua, ambapo mapafu yote mawili yapo. Akiwa amekupa mgongo kidogo pia ni vizuri. Akikuelekea kifua, ngoja. Sanamu imemshika, hana haraka. Mimi sizidishi mita 35, hata nyumbani nikilenga vizuri kwenye 60, kwa sababu sanamu imeletwa ili awe karibu.

Ukishaachia, tulia. Kaa nusu saa kabla ya kufuata damu. Ukiona dalili kwamba mshale umepita tumboni, ngoja saa nyingi, sita au zaidi. Ukimfukuza mapema atakwenda mpaka bonde la tatu na hutampata. Ukimpata, Septemba hapa mchana kuna joto, basi chuna upesi, tenganisha mapaja, tundika kivulini. Kuacha nyama inayolika iharibike ni kosa la sheria.

Kwetu Waislamu, nyama yake ni halali?

Nimeliuliza kwa watu wenye elimu, na wamenirejesha kwenye hadithi ya Adi bin Hatim kuhusu kuwinda: taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia mshale, ukimchoma kwa ncha akafa, ni halali, akifa kwa kugongwa na ubavu wa kitu, si halali. Ukimkuta bado ana uhai, mchinje. Nimezoea kusema Bismillah kimoyomoyo ninapovuta na kwa ulimi ninapoachia, sauti ya pumzi tu, na hakuna dume aliyewahi kuisikia. Kwa hali yako mahususi muulize sheikh wa msikiti wako.

Nimekulia Kenya, kuwinda kwangu ni ujangili. Hatuwamalizi?

Naelewa swali linakotoka. Kenya ilifunga uwindaji 1977 na anayebeba podo msituni kule anajua kinachomngoja. Usijaribu haya nyumbani. Huku historia ilikwenda njia nyingine. Kufikia 1900 elki walikuwa wameuawa ovyo kwa biashara mpaka walibaki pungufu ya 100,000. Wakahamishwa kutoka Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone kupelekwa majimbo mengine, misimu ikawekwa, na leo Amerika Kaskazini wanafika takribani milioni 1. Sehemu ya fedha inatoka kwetu: sheria ya 1937 ya kodi ya bunduki na risasi ilipanuliwa 1972 kugusa pinde na mishale, na fedha hizo hurudi majimboni kuhudumia wanyamapori. Binafsi nisingeachia mshale hata mmoja kama hesabu ya kundi isingekuwepo.

Kuna wakati sanamu inaharibu?

Upo. Msitu ukiwa mnene kiasi cha kuona mita 20, haina kazi, sauti inatosha. Mwisho wa msimu, kwenye mabonde yaliyopitwa na wawindaji wengi, wapo madume walioshakutana na kitambaa, wakikiona wanaondoka. Na upepo ukiwa mkali iache begini.

Nikiwa na fedha ya kununua moja tu?

Ya matako. Ni ndogo, ni nyepesi, inashikika kwa mkono mmoja, na lile doa jeupe ndilo jicho la elki linalolitambua kwanza kati ya miti. Inunue Julai, usingoje Septemba. Ianike nje siku kadhaa itoke harufu ya kiwandani, usiifue kwa sabuni yenye manukato, isingʼae. Halafu kila jioni ifungue na kuikunja gizani, mara kumi, mara ishirini, ukiubana waya kwa magoti usikupige usoni wala kulia unapofunguka, mpaka mikono iweze bila macho.